Kutoka Hoxton hadi Hai

Mwaka 1817 tabibu mmoja wa London alitoa kijitabu cha kurasa 66 kuhusu wagonjwa sita. Hakuwa daktari mkubwa wa hospitali. James Parkinson alikuwa tabibu wa mtaani, wa kufunga vidonda, kuzalisha na kuchanganya dawa, na nyumba aliyotibia, namba 1 Hoxton Square, ndimo baba yake naye alimotibia kabla yake. Alikuwa na miaka 62, na jina lake lilivuma kwa mambo mengine kabisa. Wapenda mawe walimjua kwa vitabu vyake vitatu vikubwa kuhusu visukuku vya viumbe vya kale, na kwa kuwa miongoni mwa walioanzisha Jumuiya ya Jiolojia ya London mwaka 1807. Serikali ilimjua kwa sababu nyingine. Miaka ya 1790 alikuwa akiandika vijarida vya kudai haki ya kura kwa jina la kubuni, Old Hubert, na mwaka 1794 aliapishwa mbele ya Baraza la Mfalme akahojiwa kuhusu madai ya njama ya kumpiga Mfalme George III mshale wa sumu ndani ya jumba la maonyesho. Alihojiwa, akajibu, akarudi nyumbani kwa wagonjwa wake.

Kati ya watu wale sita, watatu hakuwatibu. Wawili alikutana nao barabarani akasimama kuwauliza habari zao. Mmoja alikuwa mtumishi katika ofisi ya hakimu. Mwingine alikuwa baharia mstaafu wa miaka kama 65, mwenye umbo la mwanamichezo, aliyeamini kwamba maradhi yalimwingia mwilini alipolala miezi kadhaa juu ya udongo mbichi katika gereza la Hispania. Wa tatu hakuzungumza naye kabisa, alimwona kwa mbali tu. Ila alimtazama kwa makini. Mtu yule hakuweza kutembea polepole, miguu ilikuwa inamkimbiza. Msaidizi wake alisimama mbele yake akamwekea mikono mabegani, akamyumbisha mbele na nyuma taratibu mpaka akapata mizani, kisha akampisha. Hapo mgonjwa akachomoka mbio mbele, na msaidizi naye akakimbia, tayari kumdaka asianguke kifudifudi.

Mgonjwa wa sita alikuwa mzee wa miaka 72, na habari yake ndiyo ya ajabu kuliko zote. Viungo vyake vilitetemeka kwa miaka mingi. Usiku mmoja alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Muda wote ule wa kupooza, mkono na mguu wa kulia havikutetemeka hata kidogo. Nguvu zilipoanza kurudi, mtetemo nao ukarudi. Parkinson aliandika hilo bila kulitolea maelezo ya uhakika, maana hakuwa nayo. Leo tunaelewa kwamba mtetemo ule hauzaliwi kwenye misuli. Unatoka ubongoni, na njia ya kutoka ubongoni ikikatwa, hauna pa kupita.

Kutetemeka kulikuwa kunajulikana tangu enzi za Wagiriki, na kupooza vilevile. Parkinson aliona kwamba watu hawa sita, wasiojuana, wanaumwa kitu kimoja: mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, mgongo unaoinama, hatua zinazogeuka mbio, mate yanayotoka yenyewe, choo kigumu, usingizi mbovu. Na kwamba huanza kidogo kidogo, upande mmoja, kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe hawezi kukuambia ulianza lini. Kwa mtu aliyewatazama nusu yao njiani tu, ni kazi ya kustaajabisha. Kuna moja alilokosea: aliamini akili na hisia hubaki salama. Siku hizi tunajua kwamba wagonjwa wengi hupatwa na sonona, na baadhi, miaka ikisonga, hupoteza kumbukumbu.

Kuhusu tiba hakuwa na la maana. Alidhani kasoro iko sehemu ya juu ya uti wa mgongo, kwa hiyo akapendekeza mgonjwa aumikwe damu shingoni, kisha sehemu ileile ipakwe dawa ya kutoa malengelenge. Lakini alikiri kwamba hajapata kufungua mwili wa hata mmoja wao baada ya kufa, akawaomba waliosomea upasuaji wa maiti watafute chanzo. Alifariki Desemba 1824, na hakuna picha yake inayojulikana.

Ombi lile lilikaa karibu miaka 100 kabla ya kupata jibu.

Aliyeuinua ugonjwa huu kutoka kwenye kijitabu kilichosahauliwa alikuwa Jean-Martin Charcot wa Paris. Hospitali yake, Salpêtrière, ilikuwa na wanawake maelfu, wengi wao maskini na wazee, waliokaa humo mpaka kufa. Kwa daktari wa neva hiyo ilikuwa maktaba ya watu walio hai, na alikuwa na miaka ya kuisoma. Alikataa kuuita ugonjwa huu kupooza, maana aliowapima walikuwa na nguvu zao. Kilichowapungukia ni wepesi. Aliona pia kwamba si wote wanaotetemeka: wapo waliokakamaa tu, wenye uso usiobadilika, wanaochukua dakika nzima kufunga kifungo cha shati. Ili wanafunzi watofautishe mitetemo, aliwapandisha wagonjwa jukwaani wakiwa wamechomekwa unyoya mrefu kichwani, ili hata mtikisiko mdogo uonekane mpaka kiti cha nyuma. Ndiye aliyependekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson.

Charcot alisikia wagonjwa wakisema kwamba wakisafiri kwa treni au gari la farasi kwenye barabara mbovu hushuka wakiwa na nafuu. Akatengeneza kiti cha kutikisa. Ukisoma habari hii unaweza kucheka, mpaka ukute kwamba watafiti wa Chicago walikijaribu tena kiti cha namna hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Waliokalia kiti kinachotikisa walipata nafuu, na waliokalia kiti kisichotikisika huku wakisikiliza sauti za kuburudisha walipata nafuu kama hiyohiyo. Matumaini nayo hufanya kazi ubongoni, na tutayakuta tena mbele.

Chanzo kilianza kuonekana kwa bahati. Mwaka 1893 madaktari wa Paris walieleza habari ya mgonjwa wa kifua kikuu aliyekuwa na dalili za Parkinson upande mmoja tu wa mwili. Alipokufa, walikuta uvimbe wa kifua kikuu umebonyeza sehemu ndogo nyeusi iliyo chini katikati ya ubongo, upande wa pili. Sehemu hiyo ni nyeusi kweli, inaonekana kwa macho ubongo ukikatwa. Mwaka 1912 Fritz Lewy, akifanya kazi Ujerumani, aliona kwa darubini madonge ya ajabu ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa. Mwaka 1919 mwanafunzi wa Kirusi aliyekuwa Paris, Konstantin Tretiakoff, alionyesha katika tasnifu yake kwamba ile sehemu nyeusi hupauka kwa wagonjwa wa Parkinson kwa sababu seli zake zimekufa. Wakubwa wengi hawakumwamini kwa miaka kadhaa.

Basi mahali pakajulikana. Seli zile zilikuwa zinafanya kazi gani, hakuna aliyejua.

Jibu lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwa watu bila kutambuliwa. Mwaka 1913 mkemia Marcus Guggenheim wa Basel, Uswisi, alitoa kutoka kwenye maharage ya bustanini, aina iitwayo baqila kwa Waarabu, kemikali iliyopewa jina la levodopa. Akaijaribu kwa wanyama, hakuona kitu cha maana. Akaimeza mwenyewe gramu 2 na nusu, akatapika vibaya sana. Ikawekwa kabatini kama kitu kisicho na faida. Dopamini yenyewe, ambayo mwili huitengeneza kutokana na levodopa, ilikuwa imetengenezwa maabara tangu 1910, lakini kwa karibu nusu karne ilihesabiwa kuwa hatua ya njiani tu katika kutengeneza adrenalini.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa ya reserpini, itokanayo na mzizi uliotumiwa India kutuliza wenye wazimu. Sungura wakaganda: masikio chini, hawasogei. Kisha akawachoma sindano ya levodopa, na baada ya dakika chache wakanyanyua masikio wakaanza kuruka. Carlsson akasema dopamini ina kazi yake ubongoni, na akaihusisha na Parkinson. Kwenye mkutano wa London mwaka 1960 magwiji wa fani walimsikiliza bila kushawishika.

Aliyeshawishika alikuwa kijana mmoja wa Vienna. Oleh Hornykiewicz, aliyezaliwa karibu na Lviv mwaka 1926, aliamua kutafuta dopamini mahali ambapo haikuwahi kupimwa kwa ajili ya swali hili: ndani ya ubongo wa watu waliokufa na Parkinson. Yeye na mwenzake Herbert Ehringer walikusanya bongo za maiti, sita kati ya hizo zikiwa za waliokuwa na dalili za ugonjwa huo. Kipimo chao kilikuwa cha rangi: ukitia kemikali fulani, maji yenye dopamini hugeuka waridi. Hornykiewicz alipoweka mirija ya maabara bega kwa bega, hakuhitaji mashine. Mirija ya watu wasiokuwa na ugonjwa ilikuwa ya waridi, ya wagonjwa ilikuwa karibu nyeupe kama maji. Miaka 143 baada ya kijitabu cha Hoxton, mtu aliushika ugonjwa huu mkononi akauona kwa macho yake.

Akafikiri hivi: kama dopamini imekwisha, warudishiwe. Dopamini yenyewe haivuki ukuta unaolinda ubongo, lakini levodopa huvuka. Akaenda kumbembeleza Walther Birkmayer, daktari wa wazee katika hospitali ya Lainz, huko huko Vienna. Birkmayer alisitasita miezi mingi. Julai 1961 alikubali kuchoma sindano ya kwanza kwenye mshipa. Waliyoyaandika ni haya: wagonjwa waliolala kitandani wasioweza kukaa wakakaa, waliokaa wasioweza kusimama wakasimama, na waliosimama wakashindwa kuinua mguu wakatembea. Sauti zilizokuwa zimezama zikasikika tena. Hali hiyo ilidumu saa chache, kisha kila mmoja akarudi alikokuwa.

Habari zilienea, wengine wakajaribu na kuona nafuu ndogo au hawakuona kitu, na wapo waliosema ni yaleyale ya kiti cha Charcot, matumaini tu. Ubishi ulikatwa na George Cotzias, Mgiriki kutoka Krete aliyekimbilia Marekani wakati wa vita. Alikuwa akiwachunguza wachimbaji wa madini ya manganizi nchini Chile, ambao hupata dalili kama za Parkinson, na kwa njia hiyo akafika kwenye levodopa. Wenzake walitoa dozi kubwa ghafla, mgonjwa akatapika, wakaacha. Yeye alianza na kidogo, kwa mdomo, akaongeza taratibu kwa wiki nyingi, mpaka wengine wakafikia gramu 16 kwa siku. Mwaka 1967 alichapisha matokeo ya wagonjwa 16, na nusu yao walibadilika kiasi cha kutoweza kubishiwa. Hapo ndipo tiba ilipozaliwa.

Mwaka 1969 Oliver Sacks aliwapa levodopa wagonjwa wa hospitali moja ya New York waliokuwa wameganda kwa miongo kadhaa baada ya homa ya ubongo iliyozagaa duniani baada ya 1916. Waliamka. Baada ya muda mfupi wengi wao wakaanza kujinyonganyonga na kuchanganyikiwa, na walioandikiwa dawa hiyo kwa ajili ya Parkinson wa kawaida nao, miaka michache ikipita, wakagundua kwamba dawa inaisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, au ikipanda sana, viungo vinacheza vyenyewe. Carlsson alipata tuzo ya Nobel mwaka 2000. Hornykiewicz hakupewa, na zaidi ya wataalamu 200 wa neva waliandika barua ya wazi kulalamika. Mimi nipo upande wao.

Tatizo la kutapika lilikuwa rahisi zaidi. Levodopa ikimezwa peke yake, sehemu kubwa mno hugeuzwa dopamini tumboni na kwenye damu kabla ya kufika ubongoni, kama pesa ya matumizi iliyotumwa kijijini ikaliwa yote njiani. Miaka ya 1970 ikaunganishwa na dawa ya pili, carbidopa au benserazidi, inayozuia ugeuzaji huo nje ya ubongo. Dozi ikapungua sana, na kutapika kukapungua. Kidonge hicho cha dawa mbili ndicho kilicho mkononi mwa wagonjwa mpaka leo, na kiko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vizazi vya dawa vilivyofuata huongeza muda wake au huiga dopamini. Hakuna iliyoipiku.

Kuna kisa kimoja cha California kisichopaswa kuachwa. Mwaka 1982 vijana kadhaa waliotumia heroini ya kutengenezwa mafichoni waliletwa hospitali wakiwa wameganda kabisa, kama wazee wenye Parkinson ya miaka 20. Daktari William Langston alifuatilia unga ule akakuta uchafu uitwao MPTP, unaoua zile seli nyeusi moja kwa moja. Wanasayansi wakapata kwa mara ya kwanza njia ya kuuleta ugonjwa kwa wanyama na kuujaribia dawa. Wakaanza pia kutazama sumu za mashambani kwa jicho jipya. Parakwati, dawa ya kuua magugu ambayo wakulima wetu wengi wameibeba mgongoni kwenye bomba la kunyunyizia, inafanana kwa muundo na kile MPTP inachogeuka mwilini, na imehusishwa na ongezeko la hatari ya Parkinson. Mkulima anayeitumia bila glavu wala barakoa anajiweka hatarini kwa sababu zaidi ya moja.

Upasuaji nao una historia yake. Mwaka 1952 Irving Cooper wa New York alichana mshipa kwa bahati mbaya akiwa ndani ya ubongo wa mgonjwa, akaufunga haraka na kusitisha kazi. Mgonjwa alipoamka, mtetemo ulikuwa umetoweka. Mwaka 1987 Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, alipokuwa akipima mahali pa kuchoma ubongoni, aliona kwamba umeme wenye mapigo ya kasi, kama 100 kwa sekunde, huzima mtetemo bila kuchoma chochote, na umeme ukikatwa mtetemo unarudi. Leo mgonjwa anayechaguliwa vizuri huwekewa nyaya ubongoni na betri chini ya ngozi ya kifua. Ni ghali mno, na haiponyi, lakini humrudishia mtu saa nyingi za siku yake.

Watu wa Afrika Mashariki wengi waliusikia ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kupitia Muhammad Ali. Alikuwa ametua Dar es Salaam mwaka 1980 akitumwa na Rais Carter kuomba Tanzania isuse Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, madaktari walimwambia ana Parkinson. Alipowasha mwenge wa Atlanta mwaka 1996 mkono wake ulikuwa unatetemeka mbele ya dunia nzima, na kwa mzee wa kijijini mwenye mtetemo uleule, huenda hilo lilisaidia kuliko vipeperushi vingi.

Namna ya kuishi na ugonjwa huu leo inategemea saa kuliko kitu kingine. Dawa humezwa kwa wakati maalumu, kwa kawaida nusu saa kabla ya kula, kwa sababu protini ya nyama, maharage na maziwa hugombea na levodopa mlango mmoja wa kuingilia mwilini. Haiachwi ghafla, hata mgonjwa akilazwa kwa sababu nyingine, maana kuacha ghafla kunaweza kumletea homa kali na kukakamaa kwa hatari. Dawa mbili za kawaida katika zahanati zetu, metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya wagonjwa wa akili, hufunga kazi ya dopamini. Mwenye Parkinson hapaswi kupewa, na anayetetemeka akiwa anazitumia huenda hana Parkinson kabisa. Maji na matunda kwa ajili ya choo, mazoezi kila siku, mtu wa kumfundisha kumeza na kusema kwa sauti ya juu: hayo nayo ni tiba, si mapambo. Na miguu inapoganda mlangoni, mgonjwa akiwekewa mstari sakafuni wa kuuruka, au akipigiwa mdundo, mara nyingi huondoka.

Mdundo huo ulipimwa Tanzania, baada ya wagonjwa kutafutwa kwanza. Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, ilikuwa na watu 161,071 waliohesabiwa nyumba kwa nyumba. Timu iliyoongozwa na Catherine Dotchin na Richard Walker, pamoja na watafiti wa hapa, ilitumia hesabu hiyo kuwauliza watu maswali machache: je, kuna anayetetemeka, anayeburuta miguu, aliyekuwa mwepesi akawa mzito? Waliotiliwa shaka walifuatwa na daktari. Ripoti ilitoka 2008. Walipatikana 33 wenye Parkinson, 23 kati yao wanaume, na zaidi ya robo tatu hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Kiwango hicho ni cha chini kuliko cha Ulaya, na watafiti hawakuchukua hilo kuwa ushahidi kwamba Waafrika wana kinga. Mtu asiyetibiwa hufa mapema, na aliyekufa hahesabiwi.

Gerry Mshana na wenzake walikwenda kuwasikiliza wagonjwa na wanaowauguza, wakachapisha waliyoyasikia mwaka 2011. Watu waliuita ugonjwa wa kutetemeka. Wengine waliona ni uzee, wengine uchawi. Hospitali ilikuwa na dawa au haikuwa nayo, na ikiwa nayo bei ilishinda mazao ya shamba. Cotzias alikuwa ametoa matokeo yake miaka 40 nyuma, lakini wagonjwa wengi wa Hai walikuwa bado na maradhi yaleyale aliyoyatazama Parkinson njiani, hayajaguswa na kidonge hata kimoja. Kwa watafiti wa mwendo hiyo ilikuwa nafasi isiyopatikana Ulaya. Waliwafundisha baadhi yao kutembea wakifuata mdundo wa kifaa kinachogonga kwa kipimo, kwa wiki chache, na hatua zao zikarefuka na mwendo ukaongezeka, bila dawa.

Kuhusu dawa yenyewe, kuna habari inayoishangaza hadhira kila ninapoieleza. Levodopa imo pia kwenye upupu. Kila aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anaujua upupu, hasa ule uliomwagwa kwenye dawati la mwenzake. Nywele za ganda ndizo zinazowasha, mbegu ndani yake ndizo zenye dawa, na matabibu wa jadi wa India walizitumia kwa watu wanaotetemeka karne nyingi kabla Guggenheim hajazaliwa. Mwaka 1937 wakemia wa huko huko India walitoa levodopa kwenye mbegu hizo. Mwaka 2017 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 18 wa Bolivia waliopewa unga wa mbegu zilizokaangwa. Kwa dozi ya kutosha, uliwaamsha sawa na kidonge cha hospitali. Lakini jaribio jingine la wiki 16 lilionyesha upande wa pili: nusu ya waliouanza waliacha, tumbo likiwavuruga au mwendo ukizorota. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, na carbidopa haimo. Anayeufikiria akiwa tayari anameza vidonge, aanze kwa daktari. Tumboni haitajulikana ni dozi ngapi.

Uhaba wetu umewahi kuifundisha dunia jambo. Kwa miongo mingi madaktari wa Ulaya na Marekani waliwacheleweshea wagonjwa levodopa, wakiogopa kwamba ndiyo inayoleta kuchezacheza kwa viungo, hivyo ikianza mapema madhara nayo yataanza mapema. Nchini Ghana wagonjwa walikuwa wanaianza kwa kuchelewa sana, si kwa hiari yao, ila kwa kukosa. Watafiti walipowalinganisha na wagonjwa wa Italia, mwaka 2014, walikuta madhara yale yanafuata umri wa ugonjwa wenyewe, si idadi ya miaka ya kumeza dawa. Mghana aliyechelewa miaka kadhaa hakuokoa chochote. Aliipoteza tu miaka hiyo. Matokeo hayo yamebadilisha ushauri wa madaktari wengi, na sasa mgonjwa ambaye dalili zinamsumbua haambiwi asubiri.

Kisha mwelekeo ukageukia jeni. Njideka Okubadejo wa Lagos alikuwa miongoni mwa walioongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliolinganisha maelfu ya watu wa asili ya Kiafrika, Wanaijeria na Wamarekani weusi. Walikuta tofauti moja katika jeni iitwayo GBA1, inayotengeneza kimeng'enya cha kusafisha taka za seli. Mwenye nakala moja ya tofauti hiyo ana uwezekano wa kupata Parkinson mara 1.5 ya mtu asiye nayo, mwenye mbili mara 3.5. Kwa Wazungu tofauti hii haionekani karibu kabisa, ndiyo maana miaka yote ya kuwapima wao haikuifichua. Kazi iliyofuata ilionyesha kwamba haibadilishi umbo la kimeng'enya, kama zifanyavyo kasoro za GBA1 zilizojulikana Ulaya. Inavuruga namna seli inavyounganisha maagizo ya kukitengeneza, kikapatikana kwa uchache. Nchini Uingereza wanaijaribu kwa wagonjwa wa Parkinson ambroxol, dawa ya kikohozi iliyoko kwenye maduka mengi ya dawa hapa kwetu, kwa sababu inaonekana kukiongezea nguvu kimeng'enya hicho. Bado haijathibitishwa, na kwa watu wenye tofauti iliyopatikana Lagos itabidi ipimwe peke yake.